Mwongozo Kamili wa Kuandika Riwaya ya Fantasia na Vichekesho kwa Watoto wa Miaka 9 hadi 12, kwa Mwandishi wa Goma

Mtoto wa Goma mwenye umri wa miaka kumi anaishi chini ya mlima unaotoa moshi mchana na ambao, lava inapojaa kreta, huyafanya mawingu kuwa mekundu usiku. Anakwenda shule akipita kwenye kuta zilizojengwa kwa mawe ambayo mwaka 2002 yalikuwa yakitiririka barabarani. Ziwa analochotea maji limebeba gesi nyingi sana kwenye kina chake. Kwa hiyo mwandishi anayetaka kumtungia mtoto huyu riwaya ya fantasia hahitaji kuazima maajabu kutoka mbali; anachohitaji ni ustadi wa kuyapanga, na ustadi huo unafundishika.

Mwongozo huu unashughulikia riwaya ya aina moja tu, yaani hadithi ndefu ya safari yenye ajabu ndani yake, inayomchekesha msomaji huku ikimtia wasiwasi. Msimamo wangu ni kwamba kicheko na hatari lazima vitoke kwenye ajabu lile lile na vifuate sheria ile ile. Waandishi wengi wanaoanza huweka uchawi katika sura moja na mizaha katika sura nyingine, wakidhani kwamba mhusika mnene anayependa kula au mjomba mwenye kikohozi cha ajabu anatosha kuchekesha. Mtoto hucheka mara moja, kisha huanza kuruka kurasa.

Hatua ya kwanza: mjue msomaji kabla ya kuandika sentensi

Msomaji wako yumo kati ya darasa la nne na la sita, au ndiyo kwanza amemaliza shule ya msingi. Miaka ya mwanzo alifundishwa kwa Kiswahili, halafu Kifaransa kikachukua nafasi, na tangu hapo karibu kila ukurasa mrefu anaoukuta ni wa Kifaransa. Matokeo yake ni kwamba anaongea Kiswahili kwa kasi kubwa lakini macho yake hayajazoea kukisoma kwa muda mrefu. Hilo linakudai jambo moja la kiufundi: sura mbili au tatu za kwanza ziwe na aya fupi na mazungumzo mengi, na sentensi ndefu zianze kuingia baada ya msomaji kushika mwendo.

Mpe shujaa anayemzidi umri kidogo. Mtoto wa miaka kumi hufuata kwa hamu mambo ya mtoto wa miaka kumi na miwili, lakini ukimpa shujaa wa miaka minane atakiita kitabu hicho cha watoto wadogo na kumwachia mdogo wake.

Kuhusu urefu, lenga maneno 25,000 hadi 30,000. Usijipime kwa riwaya za Kiingereza au Kifaransa za rika hili, ambazo nyingi huzidi hapo, kwa sababu kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba kazi ya maneno kadhaa ya lugha hizo, na hadithi ile ile hutoka na hesabu ndogo zaidi bila kupungukiwa na kitu. Kumbuka pia kwamba nakala moja nyumbani husomwa na watu wengi, na mara nyingi mkubwa huwasomea wadogo kwa sauti. Andika kwa ajili ya sikio.

Hatua ya pili: chagua ajabu moja na uiwekee sheria

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ningemshauri mwandishi akae katika hatua hii hata majuma kadhaa kabla ya kuendelea.

Anza na kitu ambacho mtoto anakijua kwa mikono yake. Kwa mfano nitakaoutumia hadi mwisho nimechagua chukudu. Kila mtu wa Goma anaijua: fremu ya mbao za mikaratusi, usukani mpana, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa ukanda wa tairi kuukuu, na juu ya ubao kipande cha mpira ambapo mwendeshaji huweka goti moja huku mguu mwingine ukisukuma ardhi. Kwenye mteremko huinua miguu yote miwili na kuiacha iende, akiwa tayari kukanyaga kipande cha mpira kinachosugua gurudumu la nyuma ili kuipunguzia mbio. Hubeba magunia ya makala (yaani mkaa), viazi, mbao, na hata chukudu nyingine. Mji umeijengea sanamu.

Sasa iwekee ajabu. Tuseme babu wa shujaa aliacha chukudu ambayo hurudisha kila mzigo mahali ulikotoka. Hilo ni wazo tu, bado si sheria. Wazo hugeuka sheria pale mwandishi anapoainisha mipaka yake kwa maneno ambayo mtoto anaweza kuyakariri, namna hii: maadamu mguu mmoja wa mwendeshaji unagusa ardhi, chukudu humtii mwendeshaji, mguu ukiinuliwa, chukudu huutii mzigo na kuupeleka ulikotoka. Mizigo ikiwa miwili yenye asili tofauti, ulio mzito ndio unaoamua. Mtu anayekaa kwenye ubao bila kugusa ardhi ni mzigo kama mzigo mwingine wowote.

Ziandike sentensi hizo tatu kwenye karatasi na uibandike ukutani juu ya meza yako. Kuanzia siku hiyo huna ruhusa ya kuongeza ya nne. Mtoto wa umri huu ni hakimu mkali sana wa sheria, kwa sababu maisha yake yote ya mchezo uwanjani yanahusu nani amekiuka sheria ya nani, na ukimwokoa shujaa katika sura ya kumi na tisa kwa nguvu ambayo chukudu haikuwa nayo katika sura ya tatu, atajua kwamba umemdanganya.

Kisha uliza ajabu hili linagharimu nini. Katika hadithi nyingi gharama huwa uchovu wa shujaa au laana isiyoeleweka, na mimi naona gharama za namna hiyo ni nyepesi mno. Katika mfano wetu gharama ni deni. Kabichi zikirudi shambani, mama muuzaji wa Birere aliyekwisha kuzilipia anataka pesa zake, na familia ya shujaa inazidi kudaiwa kila ajabu linapotokea. Mtoto wa Goma hahitaji kuelezewa uzito wa deni.

Ukitaka kujua kama ajabu lako linafaa, orodhesha vitu ambavyo mtoto angeviweka juu yake katika siku ya kwanza tu. Mbuzi kutoka Masisi. Sambaza waliovuliwa usiku. Bidon la maji. Madaftari ya mitihani ya mwalimu. Jiwe jeusi la ukutani. Ikiwa kila kitu unachotaja kinakupa tukio, na tukio hilo hulioni mwisho wake, ajabu lako lina uhai. Ikiwa baada ya vitu vitatu umekwama, tafuta jingine mapema.

Hatua ya tatu: toa kicheko ndani ya sheria

Angalia kile ambacho sheria yetu imekwisha kutupa bila kukitafuta. Dereva wa chukudu hii haruhusiwi kuinua mguu kwenye mteremko, na mteremko ndio furaha yote ya kazi hiyo. Wenzake wanashuka kutoka Kibumba kwa mbio, yeye anaburuta kandambili mpaka inakwisha. Siku moja atasahau. Hili hapa tukio lenyewe la shujaa wetu Furaha na mdogo wake Bahati, kama ambavyo lingeweza kuandikwa (mashu ni kabichi):

Furaha aliinua mguu, kwa sababu kila mtu huinua mguu kwenye mteremko wa Kibati. Chukudu ikasimama tuli. Kisha ikageuka taratibu, kama mzee aliyekumbuka kwamba ameacha fimbo yake nyumbani, ikaanza kupanda mlima.

“Yaya, tuko tunarudi,” Bahati alisema.

“Niko naona.”

“Mashu iko inarudi ku shamba.”

“Bahati, niko naona!”

Polisi wa barabarani alitoka kivulini, akainua mkono. Tangu aanze kazi katika barabara ile hakuwahi kuona magunia matatu ya kabichi yakipanda kilima bila mtu wa kuyasukuma. Alifikiri kwa muda mrefu hilo ni kosa gani.

“Muko munaenda mbio sana,” alisema hatimaye.

“Shefu,” Bahati alimjibu kwa heshima zote, “haiko siye. Iko mashu.”

Katika tukio hili hakuna mtu anayecheka wala anayejua kwamba anachekesha. Polisi ana kazi yake, ambayo ni kutafuta kosa, na anaifanya kwa bidii mbele ya jambo ambalo halimo katika sheria zake. Bahati anasema ukweli mtupu. Furaha ana aibu. Mwandishi akiongeza sentensi ya kueleza kwamba “lilikuwa jambo la kuchekesha sana”, kicheko kinakufa papo hapo. Kanuni ya kazi ni kwamba kila mhusika achukulie jambo kwa uzito wote, na upuuzi ubaki kwenye hali yenyewe.

Kicheko kizuri hurudi, na kila kinaporudi hubadilika. Mara ya kwanza kabichi zinarudi Kibumba. Mara ya pili ni mbuzi, ambaye anafurahia kurudishwa kwao Masisi kiasi kwamba anakataa kushuka, na familia nzima inambembeleza. Msomaji sasa anajua mchezo na anangoja mara ya tatu akiwa ameshaanza kutabasamu. Hapo ndipo unapomgeuzia.

Mara ya tatu Bahati, aliyechoka, analala juu ya ubao. Furaha anainua mguu akijua chukudu itampeleka mdogo wake nyumbani, kwao Katindo, alikozaliwa. Chukudu haiendi Katindo. Inakwenda kaskazini, inapita Majengo, inafika Buhene, na inasimama mbele ya ukuta uliomezwa nusu na lava ya mwaka 2021. Usiku wa tarehe 22 Mei mwaka huo, watu walipokimbilia Sake na Gisenyi, watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Bahati alikuwa mmoja wao, akiwa na miaka minne, na hakuna aliyepata kumwambia. Sheria iliyotufanya tucheke kabichi ndiyo iliyomleta hapa, na haikubadilika hata neno moja. Tukio kama hili halipatikani kwa kuongeza huzuni kutoka nje. Linapatikana kwa kuuliza sheria yako swali ambalo ulikuwa unaliogopa.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo cha riwaya nzima. Mwandishi ambaye hajapata tukio lake la tatu asianze kuandika sura ya kwanza.

Hatua ya nne: jenga adui kutoka kwenye sheria hiyo hiyo

Nani angeitaka chukudu hii, na kwa nini? Ukiuliza hivyo, adui anajileta mwenyewe. Weka juu yake kipande cha madini ya koltani ambacho mchimbaji alikileta mjini bila kusema alikitoa wapi, na chukudu itakupeleka hadi kwenye shimo lenyewe. Mfanyabiashara yeyote mwenye tamaa angeuza nyumba yake ili aipate.

Mwite Papa Kilo. Anatembea na mizani ya kuning’iniza mfukoni, anapima kila kitu, na hajawahi kukubali bei ya kwanza ya kitu chochote, hata pale anapodai fidia: anapomteka mbuzi wa Furaha anataja kiasi, kisha kwa mazoea anaanza kujipunguzia mwenyewe mpaka anajikuta anadaiwa. Uzito unaamua safari katika sheria yetu, kwa hiyo mizani yake ni silaha ya kweli, na ujinga wake na hatari yake vinatoka mfuko mmoja. Adui wa watoto lazima atishe. Asipotisha, ushindi hauna thamani. Lakini atishe kwa kile anachoweza kukichukua, si kwa damu.

Mwisho wa Papa Kilo umekwisha kuandikwa ndani ya sentensi ya tatu ya sheria. Mtu anayekaa kwenye ubao bila kugusa ardhi ni mzigo. Siku atakapoipata chukudu, atakaa juu yake kwa fahari akiwa na mfuko mdogo wa koltani mapajani, atainua miguu yake yenye viatu vilivyong’arishwa, na atasahau kujipima mwenyewe. Yeye ni mzito kuliko mfuko. Chukudu itampeleka kijijini kwao, hadi mlangoni kwa mama yake, ambaye hajamwona kwa miaka mingi na ambaye siku hiyo analima maharage na ana jembe la ziada.

Hatua ya tano: panga safari na uwaondoe wazazi bila kuwaua

Riwaya za watoto zina desturi mbaya ya kuwaua wazazi katika ukurasa wa pili ili watoto wawe huru. Katika mji ambao watoto wengi wamefiwa kweli, jambo hilo lifanywe kwa sababu tu, si kwa urahisi. Mama anaweza kupanda boti ya usiku kwenda Bukavu kuleta bidhaa na safari ya kurudi ikaahirishwa kwa sababu ya upepo ziwani. Koko, yaani bibi, anaweza kuwapo nyumbani, akiuza sambaza soko la Kituku alfajiri na kulala mchana, akawa anajua zaidi ya anavyosema. Simu nayo haina tabu: betri imekwisha na umeme umekatika, na hakuna msomaji wa Goma atakayelipinga hilo.

Chora ramani halisi. Goma iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 na ukingo wa kreta ya Nyiragongo uko mita 3,470, kwa hiyo mtoto anayeelekea huko anapanda karibu mita 2,000, kutoka joto la ziwani hadi baridi ya kutetemesha meno. Safari ya namna hiyo huchukua saa nyingi, na saa hizo ni sura. Mwandishi asiyejua miinuko ya mji wake atawafikisha watoto kileleni kwa aya moja na kupoteza theluthi nzima ya kitabu.

Utafiti huzaa matukio. Nilitaja jiwe jeusi la ukutani. Papa Kilo angeamini kwamba jiwe la lava litampeleka kwenye kreta, na hata mwandishi angeamini hivyo kama asingeuliza. Lakini lava iliyoingia mjini tarehe 17 Januari 2002 haikumwagika kutoka juu ya kreta. Ilitoka kwenye nyufa zilizofunguka ubavuni mwa mlima upande wa kusini, nyingine chini kabisa karibu na Munigi. Chukudu iliyobeba jiwe hilo ingesimama nyuma ya mashamba ya watu na kujaribu kujisukuma kuingia ardhini, huku Papa Kilo akiwa amevaa makoti mawili ya kupandia mlima.

Kwa muundo, gawa hadithi katika sura kama ishirini zenye maneno 1,200 hadi 1,500 kila moja, urefu ambao mwalimu anaweza kuumaliza kwa sauti bila darasa kuchoka. Sheria ya chukudu ijulikane yote kabla ya sura ya sita. Tukio la Buhene liwekwe karibu na katikati, kwa sababu baada yake watoto hawaendeshi tena safari kwa ajili ya deni bali kwa ajili ya Bahati. Ikatishe sura pale jambo linapoanza, si pale linapokwisha: mlango unagongwa, mguu unainuliwa, mzani unapinda.

Hatua ya sita: lugha

Msimulizi atumie Kiswahili sanifu chepesi, na wahusika waseme Kiswahili cha Goma. Kuna waalimu watakaopinga, na hoja yao si ya kupuuzwa, maana mtoto anahitaji kukiona Kiswahili kilichonyooka. Atakiona katika usimulizi. Lakini dada wa Birere anayemkemea mdogo wake kwa sarufi ya vitabu vya Dar es Salaam haaminiki, na mhusika asiyeaminika hachekeshi. “Hii chukudu iko na kichwa nguvu” ni sentensi ambayo mtoto ataisikia kwa sauti ya mtu anayemjua. Vyakula na vyombo navyo viitwe majina ya hapa: sombe, lenga-lenga, makala, bidon. Mkubwa kwa mdogo ni yaya, bibi ni koko, na hakuna mtoto anayemwita mtu mzima kwa jina tupu bila Papa au Mama mbele yake.

Kiswahili kinampa mwandishi wa fantasia chombo ambacho lugha nyingi hazina, nacho ni upatanisho wa ngeli. Katika sura za mwanzo chukudu “inakwenda” na “imesimama”. Bahati ndiye wa kwanza kuanza kusema “amekataa”, “amechoka”, kana kwamba ni mtu. Furaha anamsahihisha kila mara. Halafu, katika sura moja ya usiku wakiwa wamepotea kwenye ukungu, Furaha mwenyewe anasema “anatungoja”, na hakuna anayemsahihisha. Huhitaji kueleza lolote. Msimulizi abaki na “inakwenda” hadi mwisho, ili uamuzi uwe wa msomaji.

Tumia tanakali za sauti zilizomo katika lugha, kwa kipimo: kuanguka puu, kutumbukia chubwi, kukatika kacha, kulowa chepechepe, kunyamaza jii. Moja kwa ukurasa inatosha, na iwekwe mwishoni mwa sentensi ambako anayesoma kwa sauti anaweza kuichezea.

Hatua ya saba: mahali pa kukanyaga kwa uangalifu

Jambo la kwanza, na kwa nchi yetu ni zito kuliko yote, ni kwamba ajabu likae ndani ya kitu, mahali au mnyama, lisikae ndani ya mtoto. Katika miji yetu watoto wamefukuzwa nyumbani na kupigwa kwa kuitwa wachawi. Riwaya inayomwonyesha mtoto aliyezaliwa na nguvu za siri, hata kama nia ni kumtukuza, inaweza kusomwa vibaya na mtu mzima aliyekwisha kumshuku mtoto fulani. Chukudu haimhatarishi mtu. Isitoshe, mzazi mcha Mungu atakubali chukudu yenye kichwa kigumu kwa urahisi zaidi kuliko msichana anayeroga.

Usicheke kabila, lafudhi ya wageni, ulemavu, wala mtu aliyekimbia vita. Kuhusu vita yenyewe, usiifanye mchezo na usijifanye haipo. Bunduki isiwe kifaa cha kuchekesha hata mara moja. Inatosha kwamba kuna barabara ambazo watoto wa hadithi hawazipiti na kwamba kila mtu anajua sababu.

Hatari za asili zielezwe sawasawa. Mazuku ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kutuama mabondeni na mashimoni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haionekani, na huua mifugo na watu. Ukiwaingiza watoto wa hadithi katika shimo kama hilo na kuwatoa salama kwa kubana pua, umemfundisha msomaji wa kweli jambo linaloweza kumuua. Waache wamwone ndege aliyekufa chini ya shimo, waelewe, na wazunguke. Tahadhari hiyo inatisha kuliko tukio lolote la kukimbizana.

Hatua ya nane: soma kwa sauti mbele ya watoto

Maliza rasimu nzima kwanza, kisha iweke kando kwa muda. Baadaye tafuta kikundi kidogo cha watoto wa umri unaoulenga, wasiokuwa wako, na uwasomee sura mbili kwa kikao kimoja. Mtu mwingine akae pembeni na nakala, aweke alama kila wanapocheka, kila wanapouliza swali, na kila mmoja anapoanza kucheza na kamba ya kiatu. Usiwaulize kama wamependa. Watoto wetu wamelelewa kwa adabu na watasema ndiyo. Waulize nini kitafuata. Wakitabiri sawasawa kila kitu, hadithi imelegea. Wakikosa kabisa, sheria haikueleweka, na tatizo liko katika sura za mwanzo hata kama umelikuta mwishoni.

Pale ambapo wamekatiza ili kubishana kuhusu sheria (“lakini mguu wa Papa Kilo ulikuwa unagusa!”), shukuru, halafu hakiki. Mara nyingi wana haki.

Urekebishaji wa vichekesho ni kazi ya kupunguza. Tafuta neno linalochekesha katika kila sentensi na ulisogeze mwisho. Futa kila sentensi inayokuja baada ya kicheko ili kukifafanua.

Hatua ya tisa: kutoka rasimu hadi nakala

Kwa uchapaji nitasema machache, kwa kuwa bei na wachapaji hubadilika. Ukubwa wa A5 wenye herufi za pointi 12 na nafasi nzuri kati ya mistari hubeba karibu maneno 280 kwa ukurasa, kwa hiyo maneno 25,000 yanahitaji takriban kurasa 90, bila kuhesabu kurasa za michoro. Mashine nyingi za kuchapa vitabu hukunja karatasi katika mafungu ya kurasa 16, na kurasa 96 ni mafungu sita kamili. Ukifikia 98 utalipia karatasi tupu. Kwa hiyo idadi ya michoro ipangwe baada ya kupanga maandishi, si kabla.

Mchoraji apewe chukudu ya kweli ya kuangalia, maana mchoro ambao gurudumu lake lina spoki za baiskeli utachekwa na kila mtoto wa mji huu kwa sababu isiyo sahihi. Kabla ya kutoa idhini ya kuchapa nakala zote, omba nakala moja ya majaribio, isome kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho ukiwa na kalamu mkononi, na uhakikishe kwamba sheria tatu za chukudu zimeandikwa kwa maneno yale yale kila zinapotajwa.